Paul Robeson kwenye santuri na sinema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Paul Robeson alikuwa nani?

Mwimbaji wa sauti nzito ya besi, mwigizaji wa jukwaani na wa sinema, Mmarekani Mweusi. Alizaliwa Princeton, jimbo la New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898, akafariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka akiwa kijana wa miaka 15, akasoma mpaka akawa mchungaji. Mama yake, Maria Louisa, alifariki kwa ajali ya moto nyumbani wakati Paul bado ni mtoto mdogo.

Wengi wanamjua kwa siasa zake, wengine kwa wimbo mmoja tu wa mto Mississippi, Ol' Man River. Hapa tunashughulika zaidi na kazi yake: santuri alizorekodi, filamu alizocheza, na sababu ya kudumu na santuri huku akizipa filamu kisogo.

Ni kweli alikuwa mwanasheria?

Kweli. Alisoma Chuo cha Rutgers kuanzia 1915, ambako alikuwa mwanafunzi Mweusi wa tatu tangu chuo kianzishwe. Alicheza mpira wa miguu wa Kimarekani hadi akaingizwa kwenye kikosi bora cha taifa, na mwaka 1919 wenzake wakamsikiliza akitoa hotuba ya mahafali. Kisha akaenda kusoma sheria Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akijilipia kwa kucheza mpira wa kulipwa mwishoni mwa juma. Alihitimu 1923.

Uwakili wake haukudumu. Katika ofisi aliyoajiriwa, karani mmoja Mzungu alikataa kuandika barua kwa imla ya mtu Mweusi. Robeson akachukua kofia yake akaondoka. Mke wake, Eslanda, aliyekuwa akifanya kazi ya maabara hospitalini, ndiye aliyekuwa akimsukuma kwenye uigizaji, na baadaye ndiye aliyesimamia mikataba yake. Ukisoma habari za miaka ile ya mwanzo utaona kwamba bila Eslanda pengine tungekuwa tunazungumzia wakili asiyejulikana wa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York.

Aliingiaje kwenye uimbaji?

Kwa mlango wa pembeni. Alikuwa ameshaanza kutambulika kwenye tamthilia za Eugene O'Neill, mwandishi wa Kimarekani, na katika mojawapo alitakiwa apige mluzi. Mluzi ulimshinda, akaimba badala yake. Watu wakashtuka.

Hatua yenyewe ilikuja pale alipoungana na mpiga piano Lawrence Brown, mtu aliyezijua vizuri nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi, zile zilizotungwa utumwani, za huzuni na za kungoja ukombozi. Tarehe 19 Aprili 1925 wakafanya tamasha kwenye ukumbi wa Greenwich Village, New York, wakiimba nyimbo za Weusi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kabla ya hapo waimbaji wa kumbi kubwa walikuwa wakiziweka nyimbo hizo mwishoni, baada ya kuimba za Kijerumani na Kiitaliano. Robeson na Brown hawakuomba radhi kwa mtu. Ukumbi ulijaa, wengine wakarudishwa mlangoni. Brown aliendelea kumpigia piano kwa miongo kadhaa.

Santuri zake za kwanza ni za lini, na mbona zinasikika safi kuliko za waliomtangulia?

Alianza kurekodi na kampuni ya Victor mwaka huohuo wa 1925, na hapo bahati ilimkuta mlangoni.

Kabla ya mwaka huo mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa ya bati na kuimba kwa nguvu zake zote. Mtikisiko wa sauti yenyewe ndio uliosukuma sindano ichore mfuo kwenye nta, bila umeme wowote wa kusaidia. Pembe ilishika vizuri sauti za kati. Za chini kabisa zilififia. Ndiyo maana santuri nyingi za zamani zinafanya kila mwimbaji asikike kama anaita kutoka ng'ambo ya mto. Mwaka 1925 makampuni makubwa ya Marekani yakaanza kutumia maikrofoni na vikuza sauti vya umeme. Ghafla sauti ya besi ikawa na kifua, na mtu akaweza kuimba polepole, karibu kwa kunong'ona, na bado asikike.

Robeson alihitaji hasa kitu hicho. Hakuwa mtu wa mayowe ya opera. Sifa yake ilikuwa kulitamka kila neno kwa utulivu na kuacha uzito wa sauti ufanye kazi. Angezaliwa miaka 15 mapema, tungebaki na sifa za magazeti tu.

Ufupi wa nyimbo nao ulimsaidia. Santuri ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba kama dakika 3 kila upande. Wapiga muziki wenye nyimbo ndefu walilazimika kukata au kugeuza sahani katikati. Nyimbo za kiroho zilienea ndani ya dakika hizo bila kupunguzwa hata ubeti.

Baadaye, akiishi London, alirekodi nyimbo nyingi na HMV, kampuni ya nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Ni kampuni hiyohiyo iliyomrekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928.

Ule wimbo wa mto Mississippi ulitungwa kwa ajili yake?

Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Jerome Kern na Oscar Hammerstein waliutunga kwa ajili ya mchezo wa Show Boat huku wakimfikiria Robeson. Mchezo ulipofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1927 hakuweza kushiriki, akaimba mwimbaji mwingine, Jules Bledsoe. Robeson aliurekodi mapema 1928 na bendi ya Paul Whiteman, kisha akauimba jukwaani London, ukumbi wa Drury Lane, mwaka huohuo. Tangu hapo haukumwachia.

Anayetaka kumwelewa Robeson afuatilie maneno ya wimbo huo. Katika maneno ya asili mchukuzi Mweusi analalamika kwamba amechoka kuishi na anaogopa kufa, huku mto ukipita bila kujali. Kuanzia miaka ya 1930, katika matamasha, Robeson alianza kuyabadilisha. Aliondoa tusi la rangi, na mahali pa uchovu akaweka kiapo cha kupigana mpaka kufa. Kwenye filamu ya Show Boat ya 1936, iliyoongozwa na James Whale, bado anaimba yale ya kuchoka. Ukumbini na kwenye santuri hakuna aliyeweza kumshika ulimi. Studio ya sinema iliweza.

Alicheza filamu ngapi?

Filamu ndefu 11 kati ya 1925 na 1942, ukiacha zile ambazo sauti yake ilitumika kusimulia. Ya kwanza, Body and Soul ya Oscar Micheaux, ilikuwa filamu bubu. Mtu ambaye dunia ilimjua kwa koo lake aliingia kwenye sinema bila kusikika neno! Hata hivyo ni kazi nzuri sana: anacheza watu wawili, mhubiri tapeli mlevi na kaka yake mwema, na yule tapeli anatisha kweli. Micheaux alikuwa mtayarishaji Mweusi aliyezunguka na filamu zake mji kwa mji kuwatafutia watazamaji Weusi.

Borderline ya 1930, iliyopigwa Uswisi na kikundi cha wasanii wa majaribio, nayo ni bubu, na mimi huichoka kabla ya nusu. Kisha The Emperor Jones ya 1933, ambako anacheza mfanyakazi wa treni anayekimbilia kisiwani na kujitawaza mfalme. Wakati huo Mweusi kuwa mhusika mkuu, huku Wazungu wakicheza sehemu ndogo chini yake, lilikuwa jambo geni Marekani. Baada ya hapo kazi yake ya sinema ilihamia zaidi Uingereza.

Ni kweli Jomo Kenyatta aliigiza naye?

Ni kweli, na ndilo swali linaloletwa sana na wasomaji wa kutoka Kenya.

Filamu inaitwa Sanders of the River, ya 1935, iliyotengenezwa na ndugu wawili kutoka Hungaria, Alexander na Zoltan Korda. Kenyatta alikuwa London wakati huo akipigania suala la ardhi ya Wakikuyu, akiishi kwa shida, na akisaidia wataalamu wa fonetiki wa Chuo Kikuu cha London kuchunguza matamshi ya Kikikuyu. Korda alihitaji watu Weusi wengi wa kujaza kijiji cha bandia kilichojengwa Shepperton, karibu na London. Waliitwa makuli na mabaharia kutoka bandari za London na Cardiff, pamoja na wanafunzi na wanasiasa kutoka makoloni. Kenyatta alipata kisehemu cha chifu. Bado anaonekana ukiangalia kwa makini.

Robeson alicheza Bosambo, chifu mwaminifu wa ofisa wa Kiingereza, Sanders. Mkewe kwenye filamu ni Nina Mae McKinney. Kilichomvuta Robeson kilikuwa picha halisi ambazo Zoltan Korda alizileta kutoka Afrika: ngoma za Waacholi wa Uganda, mitumbwi ya Wagenia wa Mto Kongo. Alizisikiliza nyimbo zile akaamini kwamba hatimaye dunia ingeona ustaarabu wa Afrika kwenye pazia. Kwamba hadithi yenyewe imewekwa Nigeria, mbali kabisa na Waacholi na Wagenia, haikumsumbua mtu yeyote pale studio.

Filamu ilipotoka, ikawa ni sifa kwa ukoloni. Mwanzoni kabisa yanapita maandishi ya kuwashukuru watumishi wa Mfalme wanaolinda amani ya Afrika. Hadithi inasema Sanders akienda likizo, Waafrika wanachinjana, akirudi, wanatulia. Bosambo anapewa ufalme na Mzungu kama mtoto anayepewa peremende. Robeson alieleza baadaye kwamba mambo ya kuutukuza utawala yaliongezwa siku za mwisho, na mengine chumba cha kuhariri kikayamaliza. Marcus Garvey, mwanaharakati wa Weusi kutoka Jamaika aliyekuwa London pia, alimshambulia vikali kwenye gazeti lake.

Je, alikuwa mjinga kukubali? Nadhani alikuwa mwimbaji aliyezoea kwamba kikitoka kinywani mwake kinamfikia msikilizaji kama kilivyo. Sinema haifanyi kazi hivyo, maana mwenye mkasi ndiye msemaji wa mwisho.

Urafiki wake na harakati za Kenya haukuharibika. Kenyatta alipofungwa baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953, Baraza la Masuala ya Afrika, chombo ambacho Robeson alikuwa mwenyekiti wake New York, lilikuwa kati ya sauti chache Marekani zilizompigia kelele.

Alijua Kiswahili?

Alikisoma. Mwaka 1934 alijiandikisha kwenye chuo cha London cha masomo ya Mashariki, ambacho leo kinaitwa SOAS, akachukua Kiswahili na fonetiki, na akagusa lugha kadhaa za Afrika Magharibi. Enzi hizo Wamarekani Weusi wengi waliona Afrika ni jambo la kufichwa. Robeson aliandika waziwazi kwenye magazeti ya Uingereza mwaka huo kwamba anataka kuwa Mwafrika, na kwamba mtu Mweusi anayeiga Ulaya atabaki kuwa nakala mbaya.

Lugha zilikuwa ugonjwa wake. Alijifunza Kirusi, akaimba Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki), Kihispania na Kiwelisi. Mwaka 1941 alirekodi kwa Kichina wimbo wa vita ambao tangu 1949 ndio wimbo wa taifa wa China.

Aliwahi kufika Afrika Mashariki?

Hapana. Alifika Misri, mwaka 1937, kupiga filamu ya Jericho. Mkewe ndiye aliyefika. Eslanda alikuwa akisomea anthropolojia London, na mwaka 1936 alisafiri na mtoto wao hadi Afrika Kusini na Uganda, akakaa kati ya wafugaji wa Toro. Kitabu chake cha safari hiyo kilichapishwa 1945, na kwa maoni yangu kinastahili wasomaji wengi zaidi ya alionao.

Baada ya aibu ya Sanders, mbona aliendelea na filamu?

Alijaribu kubadilisha masharti. Katika Song of Freedom ya 1936 mkataba ulimpa haki ya kuidhinisha filamu iliyokamilika. Anacheza kuli wa London anayegunduliwa kuwa mwimbaji mkubwa, kisha anagundua kwamba kwa ukoo ni mfalme wa kisiwa cha Afrika. Hadithi ni ya kubuniwa kupita kiasi, lakini mtu Mweusi anaonyeshwa kama mtu, ana mke anayempenda na majirani wanaomheshimu. Big Fella ya 1937 ni nyepesi na ya kufurahisha. King Solomon's Mines, ya mwaka huohuo, ina sauti nzuri na hadithi ileile ya Wazungu mashujaa.

Iliyompa fahari kuliko zote ni The Proud Valley ya 1940, iliyopigwa mabonde ya makaa ya mawe ya Wales. Anacheza baharia Mweusi anayepokelewa na wachimba migodi baada ya kusikika akiimba besi chini ya dirisha la kwaya yao. Hii ilikuwa na mizizi. Siku za Show Boat jijini London, Robeson alikutana na wachimbaji wa Wales wasio na kazi waliotembea kwa miguu hadi mjini wakiimba barabarani, akajiunga nao. Tangu hapo Wales ilikuwa kama kwao. Mwisho wa filamu ulikusudiwa uonyeshe wachimbaji wakiendesha mgodi wenyewe. Vita vilipoanza, ukabadilishwa.

Kwa nini aliacha sinema moja kwa moja?

Kwa sababu ya Tales of Manhattan ya 1942. Ni filamu ya visa vingi vinavyounganishwa na koti moja. Katika kisa cha mwisho koti linaanguka kutoka kwenye ndege, mifuko imejaa fedha. Robeson na Ethel Waters ni wakulima fukara wa Kusini wanaoamini fedha hizo zimetoka kwa Mungu. Robeson alitarajia kisa kingeonyesha wakulima wakigawana ardhi na mali kwa pamoja. Kilichobaki ni Weusi wa kuchekesha wakiimba na kutazama mbinguni. Alisema hadharani kwamba watu wakiandamana kuipinga filamu hiyo, yeye ataandamana nao. Hakurudi Hollywood tena.

Na Othello?

Othello ni tamthilia ya Shakespeare kuhusu jemadari Mweusi. Hapo ndipo uigizaji wake ulipofika kileleni, na hakuna kamera iliyopata nafasi ya kuuharibu. Aliicheza mara ya kwanza London mwaka 1930, ukumbi wa Savoy, pamoja na Peggy Ashcroft. Mwaka mmoja kabla, mgahawa wa hoteli ya Savoy, jirani tu, ulikuwa umekataa kumhudumia kwa sababu ya rangi. Broadway ilimpokea mwaka 1943, na mchezo ukaonyeshwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyoifikia Broadway kabla yake. Kampuni ya Columbia ikaurekodi kwenye santuri, kwa hiyo unaweza kuusikia. Alirudia tena Stratford, Uingereza, mwaka 1959, akiwa na miaka 61.

Jina kubwa hivyo lilipoteaje?

Lilizimwa. Robeson aliisifu Urusi ya Kisovieti, alikataa kuikana hata marafiki walipomsihi, na alisema wazi kwamba Mmarekani Mweusi ana haki ya kuuliza kwa nini apiganie nchi inayomnyonga. Mwaka 1949 tamasha lake karibu na Peekskill, New York, lilivamiwa. Liliporudiwa siku chache baadaye, maelfu walihudhuria, na walipokuwa wakiondoka magari yao yakapigwa mawe, watu zaidi ya mia moja wakaumia. Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi zilimfungia, redio zikamnyamazia, na makampuni ya santuri yakaacha kumrekodi. Mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1956 aliulizwa kwa nini asihamie Urusi. Akajibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, watu wake walikufa kuijenga nchi ile, naye atabaki apate sehemu yake.

Ukweli wa upande wa pili nao usemwe: kuhusu mauaji ya Stalin alikaa kimya hadharani, na wanaompenda wanapaswa kulibeba hilo pia.

Aliimbaje bila pasipoti wala kampuni ya santuri?

Tarehe 18 Mei 1952, baada ya kuzuiwa kuvuka kwenda Canada, alisimama juu ya lori kwenye mpaka wa jimbo la Washington akawaimbia maelfu waliokusanyika pande zote mbili. Miaka hiyohiyo, kwa msaada wa mwanawe na mwandishi Lloyd Brown, akaanzisha kampuni yake ya santuri, Othello, wakauza santuri kwa njia ya posta na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1957 akaimba kutoka New York kupitia waya wa simu uliopita chini ya Atlantiki, uliokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, hadi ukumbi wa Porthcawl, Wales, kwaya ya wachimbaji ikamjibu kwa waya huohuo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimaliza suala la pasipoti mwaka 1958, kwenye kesi ya mtu mwingine, naye akarudishiwa yake.

Nianzie wapi kusikiliza na kutazama?

Anza na rekodi ya Carnegie Hall ya 1958. Sauti imeshuka kidogo, lakini ndipo utasikia ule wimbo wa mto kwa maneno yake mwenyewe. Kisha rudi nyuma kwenye ile ya 1928 na bendi ya Whiteman, uone umbali uliotembewa. Nyimbo za kiroho sikiliza zile alizorekodi na Lawrence Brown, piano peke yake. Zenye okestra nyingi ruka. Kwa filamu, tazama Body and Soul na The Proud Valley kwanza. Sanders iache mpaka umeshamjua, na ukiifungua, mtafute Kenyatta kati ya machifu.